Nati Tano za Gari la Ndugu Curtis

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba, na msicheke. Jumamosi za miaka mitatu, ukijumlisha na likizo zote za kiangazi, ni muda mrefu kuliko ndoa za watu fulani ninaowajua pale kanisani. Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza magari mbele ya gareji ya Papa Ilunga, hapa Lanham, Marekani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Sasa nafasi yangu iko wazi, na haya nayaandika kwa yeyote kati yenu atakayeichukua. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Papa Ilunga amesema atasoma yeye kwanza, na Kiingereza chake cha kusoma kinaishia kwenye vibao vya barabarani. Amesema pia niandike yote. Kwa hiyo nitaandika yote.

Mambo ya vyeo nayaruka. Nilianza kama mshika tochi, nikaondoka nikiwa mshika tochi mwenye maoni. Mshahara ulikuwa maandazi ya Mama Mado, mke wake, na upande huo sina malalamiko.

Sikuomba kazi hii, nililetwa. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilikuwa nimebandika karatasi kwenye mlango wa choo cha walimu: "Choo hiki kinarekodiwa kwa ajili ya mafunzo." Shule ikanirudisha nyumbani siku mbili. Mama hakupiga kelele. Alinishika mkono mpaka kwa Papa Ilunga, ambaye wakati huo alikuwa ni jozi ya viatu tu vinavyochungulia chini ya gari.

"Papa Ilunga, nimekuletea mtu," Mama akasema.

"Anajua nini?" sauti ikauliza kutoka chini.

"Kusumbua."

"Muzuri. Ashike tochi."

Papa Ilunga alikuwa fundi kwao Lubumbashi tangu ujana. Hapa anaendesha lori la mizigo, Jumatatu mpaka Ijumaa, Beltsville hadi Springfield na kurudi. Jumamosi ndiyo anakuwa fundi wa watu wetu. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: tochi haimuliki mkono wa fundi, inamulika pale jicho lake linapotaka kwenda. Ilinichukua mwezi mzima kuelewa, na mwezi huo nilimulika sana sikio lake.

Wakati ule kila kitu tulifungua kwa mkono. Huku wanamwaga chumvi barabarani theluji ikianguka, na chumvi inakula nati mpaka zinakuwa kitu kimoja na gari. Papa alikuwa anachomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana ili upate urefu, halafu ananing'inia. Bega lake likaanza kulalamika. Alikuwa na kompresa moja kuukuu ya kuendeshea mashine ya upepo, lakini ilinguruma kiasi cha kumleta Ndugu Curtis kutoka ng'ambo ya barabara.

Ndugu Curtis ni Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu wa kweli, siyo kama mimi. Alijifunza Kiswahili chuoni miaka mingi iliyopita na hajawahi kukiruhusu kiregee. Kwa miaka mitatu hakuniambia hata neno moja la Kiingereza.

"Hamjambo? Mimi sijambo," akasema, maana huwa anajijibu mwenyewe asije akacheleweshwa. "Ninaomba kuuliza. Je, mashine hiyo itanyamaza saa ngapi?"

Ndipo ikaamuliwa tununue mashine za betri, na kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma maoni ya watu mtandaoni, nikawa mkuu wa uchaguzi. Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo nina faida kwenu.

Hununui mashine, unanunua betri. Betri ya kampuni hii haiingii kwenye mashine ya kampuni ile, na wamefanya hivyo makusudi kabisa. Kwa hiyo kabla hujaitamani mashine yoyote, angalia kama wenye betri hiyo wana pia racheti, grainda na taa, kisha ingia kwenye ukoo huo na ubaki humo. Ukishakuwa na betri mbili nzuri na chaja, mashine zinazofuata nunua zikiwa tupu, bila betri. Na betri ya bei ya kutupa anayouza mtu kwenye maegesho ya magari, mwache nayo. Tuliwahi kuinunua. Ilikaa na chaji kama mimi ninavyokaa na siri.

La pili ni ukubwa, na hapa naanza kuona aibu, ile ndogo. Dukani niliona mashine ya kufungulia nati iliyokuwa kubwa kuliko zote, nikaikumbatia.

"Papa, hii inafungua hata nati za treni!"

"Tuko na treni?"

"Hatuna."

"Sasa?"

"Lakini ishike kwanza uone."

Akaishika kwa mkono wa bega lililo zima, akakunja uso, akanitazama nilivyokuwa natabasamu, akasema basi. Alinikubalia kwa sababu nilifurahi. Tulipofika nyumbani, mashine ilikuwa ndefu mno, haikuingia ndani ya tao la tairi, na ilikuwa na uzito wa mtoto wa miaka miwili. Wiki iliyofuata tuliirudisha. Inayofaa magari ya nyumbani ni ya katikati, yenye kichwa cha nusu inchi, fupi, yenye hatua tatu za nguvu. Ile kubwa ni ya kupigia picha. Nina picha sita.

Soketi zake, vile vikombe vya chuma vinavyovalishwa nati, ziwe nyeusi, zile nene. Zile zinazong'aa ni za mkono. Niliwahi kuvalisha inayong'aa kwenye mashine kwa sababu nyeusi ilikuwa mbali, yaani hatua nne. Ikapasuka, kipande kikaruka kikatoboa mlango wa gareji kwa kimo cha uso wangu. Papa aliniletea miwani ya kazi, akanivalisha mwenyewe kama mtu anayemvalisha mtoto kofia.

Racheti ya betri yenye shingo ndefu ni dhaifu, ni ya polepole, haina sauti ya kujivunia, na ndiyo utakayoitumia kuliko zote, kwa sababu nati nyingi za gari ziko mahali ambapo mkono hauna nafasi ya kuzunguka. Grainda, ile ya kukatia chuma, nunua ndogo, yenye kinga isiyotoka na swichi inayozima ukiiachia. Nywele zifungwe. Na kabla ya yote hayo, taa. Mtu anayenunua mashine ya nguvu halafu anamulika kwa simu aliyoibana mdomoni, huyo nisimwite jina, maana nilikuwa mimi.

Sasa kuna kifaa kimoja ambacho hakina betri wala hakitakuwa nayo. Ni spana ndefu ya kipimo. Unaiweka namba inayotakiwa na gari husika, unakaza nati za tairi kwa mkono, na ikifika nguvu ile inalia "ka!" mara moja. Papa alikuwa na sheria moja tu kubwa.

"Mashini inafungula," alikuwa akisema. "Mukono unafunga. Ukikaza tairi na mashini, weye unatabiri. Siye hatutabiri."

Na alikuwa na desturi yake ya Lubumbashi. Kila nati iliyolia "ka!", anaichora mstari mweupe kwa chaki, nati hadi rimu. Gari halishuki kwenye jeki kwenda barabarani kama nati zote hazina chaki. Alama ile aliiweka yeye mwenyewe, siku zote. Akiulizwa na mteja anaonyesha kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne, tano. Watu walikuwa wanaondoka wamestarehe. Ndugu Curtis aliwahi kuziita "saini za fundi."

Inabidi sasa niwaeleze mizaha yangu, vinginevyo hamtaelewa.

Papa Ilunga ana miaka sitini na nne. Siku moja aliweka miwani yake juu ya boneti akasahau, akaitafuta robo saa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jumamosi iliyofuata nikaificha mwenyewe, nikairudisha pale pale alipokwisha kutafuta mara mbili. "Papa, si ulikuwa umetazama hapa?" Akashika kichwa. Nikaona ni kitu kizuri sana. Kukawa na chai: namwaga chai yake kwenye nyasi, akija namwambia, "Si umeshakunywa?" Naye anatazama kikombe, anasema, "Njo?", yaani ndivyo? Kukawa na soketi niliyoiweka kwenye friji kati ya mayai. Mama Mado alipoifungua alipiga kelele, na Papa akacheka kuliko sisi wote. Mimi nilidhani anacheka.

Sikujua kwamba mama yake mzazi, kabla hajafa, alikuwa amewasahau watoto wake wote majina. Hilo sikuambiwa. Lakini ukweli ni kwamba sikuuliza pia, na mtu anayekesha anafikiria mizaha ana muda wa kuuliza.

Gari la Ndugu Curtis lilikuja Jumamosi moja ya mwezi wa tisa mwaka huu, kwa ajili ya breki za mbele. Tukabadilisha upande wa kulia, Papa akakaza, ka, ka, ka, ka, ka, chaki. Tukaenda kushoto. Mimi nilikuwa na miadi: marafiki walikuwa wananisubiri, na mmoja alikuwa ameshatuma ujumbe wa tatu. Tairi lilipokuwa limerudi mahali pake na nati zimeshikishwa kwa vidole, simu ya Papa ikalia kutoka Lubumbashi. Akaingia ndani kuzungumza.

Nikachukua mashine. Ilikuwa imefanya kazi tangu asubuhi na taa ya betri ilikuwa inapepesa nyekundu. Nikakaza nati tano, trrrr, trrrr, kelele ya kuridhisha kabisa. Kelele siyo nguvu. Hilo liandikeni mahali. Mashine ya betri inayokufa inalia vile vile, ila haikazi. Halafu nikachukua chaki nikachora mistari mitano, mizuri, imenyooka kuliko ya Papa, nikateremsha jeki.

Aliporudi alisimama mbele ya tairi, spana ya kipimo mkononi. Akaangalia chaki.

"Nilishaka kukaza hii?"

Ningeweza kusema hapana. Ilikuwa dakika mbili za kazi. Badala yake nikafanya sauti ile ya kumhurumia mtu.

"Papa jamani, ulishakaza. Umesahau tena?"

Kisha akaitundika spana ukutani kwa uangalifu mno, kama kitu cha mtu mwingine.

Jumatano Ndugu Curtis alikuwa kwenye Beltway, ile barabara kuu ya magari ya kasi, na mke wake. Usukani ukaanza kutetemeka, akafikiri ni barabara, halafu akasikia kugonga. Alikuwa upande wa kulia, akapata nafasi ya kutoka pembeni. Nati mbili zilikuwa zimekwenda zake. Tatu zilizobaki alizifungua kwa vidole. Kwa vidole. Gari lilirudi limebebwa juu ya lori, nami nilikuwa pale natoka shule, na begi mgongoni.

Alimwonyesha Papa zile nati tatu kwenye kiganja, kila moja ina kijistari cheupe.

"Ndugu yangu, sikuja kukulaumu," akasema. "Nimekuja kukuambia tu, kwa sababu ni lazima ujue."

Papa alizichukua moja moja, akazigeuza. "Ni miye," akasema. "Chaki ni yangu. Minaiona. Lakini sikumbuki, Curtis. Niko natafuta mu kichwa, sipati."

"Sisi sote tunazeeka."

"Hapana. Hii haiko kuzeeka."

Mimi nilisema nini? Nilisema, "Shikamoo, Ndugu Curtis," nikaenda nyumbani kula.

Alhamisi alifunga gareji. Jumamosi haikufunguliwa. Jumapili baada ya ibada Mama alikuwa anakatakata vitunguu huku anazungumza na Mama Mado kwa simu, sauti imewashwa, nami nilikuwa mezani na kitabu cha fizikia nisichokisoma.

"Anasema kesho asubuhi anarudisha funguo ya camion," Mama Mado alikuwa anasema, na camion ndilo lile lori. "Anasema mutu mwenye kichwa ya vile hawezi kuendesha kitu kikubwa mu barabara na watoto ya watu. Miaka kumi na moja, dada! Hata kula hakuli. Nimemwambia twende kwa docteur kwanza, anasema docteur atamwambia tu kile yeye anajua."

Mama akaacha kisu. "Maskini, kaka yangu. Na alivyo makini."

Kuna mambo mtu akiyasikia husema mwili ulikufa ganzi. Wangu haukufa ganzi. Ulikuwa unasikia kila kitu, hadi kitunguu. Nilivaa viatu nikatoka bila kuaga, na nyumba tatu zile nilizipita polepole kuliko siku zote.

Papa Ilunga alikuwa sebuleni na shati la kanisani. Mama Mado alikuwa bado ameshika simu.

"Papa, zile nati nilikaza mimi. Kwa mashine. Betri ilikuwa imekwisha."

Hakuelewa mara moja. "Na chaki?"

"Mimi."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema nini?"

"Nilisema ulishakaza."

"Ukasema nini ingine?"

Nikamgeukia Mama Mado.

"Sema, Zawadi. Nataka kusikia na masikio yangu."

"Nilisema, umesahau tena."

Mama Mado akasema jina langu kwa namna ambayo sitaki kuisikia tena. Papa akainua mkono kumzuia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo baya. Alikuwa kama mtu anayekagua injini, anaanza na kile cha karibu.

"Miwani?"

"Mimi. Isipokuwa mara ya kwanza."

"Chai?"

"Mimi. Mara nne."

"Soketi ya mu frigo?"

"Mimi."

Kila nilipojibu, uso wake ulifunguka kidogo, na nikaanza, Mungu anisamehe, kujisikia kama ninayetoa zawadi. Halafu akauliza:

"Na ile siku nilizunguka Springfield mara tatu, nikashindwa kutoka? Ile simu yenye ilikuwa inaniambia njia, uliigusa?"

Nilitamani ningekuwa nimeigusa. Nilitamani kuliko kitu chochote.

"Hapana, Papa. Hiyo siyo mimi."

"Pale kila mutu anapotea," Mama Mado akasema haraka. "Zile barabara ziko sawa na tambi."

"Miye napita pale kila siku," Papa akasema.

Ufunguo hakuurudisha kesho yake. Aliomba siku za mapumziko mpaka amwone daktari. Mimi nilitumwa kwa Ndugu Curtis peke yangu. Alinisikiliza mlangoni mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa Kiingereza, polepole, kwamba mke wake alikuwa amekaa kiti cha mbele, upande wa abiria. Akafunga mlango taratibu. Tangu siku hiyo tukikutana ananisalimu kwa Kiingereza, kwa adabu zote.

Kwa hiyo sikufukuzwa, nimestaafu. Papa amesema gareji itafunguliwa kama daktari atasema sawa, na atahitaji mtu, na mtu huyo asiwe mimi kwa sasa. Mashine ziko kwenye rafu ya juu, betri nimezitoa zisije zikafa zikiwa ndani, na racheti inahitaji kupanguswa.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa juzi. Wauguzi wa yule daktari walikuwa wameomba apeleke karatasi yenye mambo yote aliyosahau mwaka huu, na lini. Mama Mado aliyakumbuka kumi na sita. Papa akanisogezea kalamu.

"Weye andika. Weye ndiye unajua ya uongo ni gani."

Tukayapitia. Yaliyokuwa yangu nikayakata kwa mstari, nikaeleza pembeni ni nani alifanya. Mengine nikayaacha. Yalibaki manne, na mawili kati ya hayo hata Mama angeweza kuyasahau. Papa akanyoosha mkono achukue karatasi, nami nikaishikilia.

"Papa, kuna jingine ambalo Mama Mado halijui. Kiangazi, tukiwa chini ya lile gari la mchungaji, uliniita Régine. Ukaniuliza kama nimewalisha kuku. Mimi nilicheka. Nilidhani umeamua kunilipizia."

Régine ni dada yake. Amezikwa Lubumbashi.

"Nilisema vile?"

"Ndiyo. Ulikuwa unanitania, Papa?"

Akaurudisha ule mkono. Mama Mado alikuwa amesimama mlangoni na sahani, haingii wala haondoki.

"Andika," Papa akasema.